Begi lako linaishia wapi? Tiketi mbili za ndege na suala la viza ya kupita uwanjani

Mwana wa Pangani (mleta uzi)

Ndugu wanajamvi,

Ilikuwa saa tisa kasorobo usiku katika Jengo la Tatu la abiria, Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere. Dada wa kaunta alipokea begi langu, mizani ikasoma kilo 22, akachapa lebo, kisha badala ya kuifunga kwenye mpini akabaki ameishika mkononi na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Kaka, begi lako linaishia Frankfurt. Ukifika pale utalichukuaje?"

Nilimjibu kwa kujiamini kwamba Frankfurt napita tu, kwamba ninakwenda Manchester, kwamba viza yangu ya Uingereza bado ina miezi mitano, na kwamba tiketi ya kutoka Frankfurt hadi Manchester hii hapa kwenye simu. Aliitazama simu, akaitazama lebo yenye herufi FRA, akamwita msimamizi wake. Dakika 20 baadaye begi langu lilishushwa kwenye mizani likarudi kwenye toroli, na ndege ikaondoka bila mimi.

Sina lalamiko dhidi ya watu wale, kwa maana walifanya kazi yao sawasawa. Waliokosea ni mimi na wakala aliyenikatia tiketi. Ninaandika kwa sababu tangu usiku ule nimekutana na watu kadhaa waliokwama kwa kosa hilohilo, kila mmoja akiamini, kama nilivyoamini mimi, kwamba suala la viza ya kupita linaamuliwa na nchi unayopita na pasipoti unayobeba, basi. Hayo ni nusu ya swali. Nusu nyingine ni kama tiketi yako ni moja au ni mbili, na begi lako litashushwa wapi.

Nieleze ilivyokuwa. Nauli ya tiketi moja kutoka Dar es Salaam hadi Manchester ilikuwa juu kuliko nilivyojipanga. Wakala akanionyesha njia ya nafuu: Dar es Salaam hadi Frankfurt kupitia Addis Ababa kwa shirika moja, halafu Frankfurt hadi Manchester kwa shirika jingine la nauli ndogo, tiketi hiyo ya pili ikinunuliwa peke yake mtandaoni. Nilikuwa naokoa kama shilingi laki tatu na nusu. Wakala alinichapishia karatasi moja yenye nembo ya ofisi yake, safari zote zikiwa zimepangwa moja chini ya nyingine, saa za kufika na za kuondoka zikifuatana vizuri, na jina langu likiwa juu kwa herufi kubwa. Karatasi ile ndiyo iliyonipumbaza, kwa sababu mtu akishika karatasi moja huamini kwamba ameshika tiketi moja.

Sasa tuingie kwenye kanuni zenyewe. Katika viwanja vingi vikubwa vya Ulaya, abiria anayetoka nje ya eneo la Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, hushukia katika ukanda wa kimataifa, ambao kwa sheria bado hajahesabiwa kuwa ameingia nchini. Akiwa humo anaweza kutembea, kula, kulala kwenye kiti na kupanda ndege nyingine ya kwenda nje ya Schengen bila kuonana na afisa wa uhamiaji. Nchi za Schengen zina orodha ya pamoja ya mataifa 12 ambayo raia wake wanahitaji viza ya kupita uwanjani hata kwa kukaa katika ukanda huo tu. Kwa Afrika, mataifa hayo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Eritrea, Ethiopia, Ghana, Nigeria na Somalia. Mengine ni Afghanistan, Bangladesh, Iran, Iraq, Pakistan na Sri Lanka. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi hazimo katika orodha hiyo ya pamoja, ingawa kila nchi mwanachama ina ruhusa ya kuongeza mataifa yake, na kwa hiyo ni lazima kuangalia kanuni za nchi husika.

Kwa hiyo nilipomwambia yule dada kwamba Mtanzania hahitaji viza ya kupita Frankfurt, nilikuwa sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba mkanda wa mizigo uko upande wa pili wa vibanda vya uhamiaji. Begi lililoandikwa FRA hushushwa Frankfurt na kuzunguka kwenye mkanda likimsubiri mwenyewe, na mwenyewe hawezi kulifikia bila kupita uhamiaji na kuingia Ujerumani. Kuingia Ujerumani, hata kama ni kwa dakika 40 za kulichukua begi na kulipeleka kwenye kaunta ya shirika jingine, kunahitaji viza ya Schengen ya kawaida, ile ya daraja C. Hata kama ningekuwa na viza ya kupita uwanjani, ya daraja A, isingenisaidia chochote, kwa kuwa viza hiyo humruhusu mtu kubaki ndani ya ukanda na haimruhusu kuvuka kibanda.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini shirika la kwanza lisiliandike begi hadi Manchester moja kwa moja. Begi husafiri kwa mkataba. Mashirika mawili yanapokuwa na makubaliano ya kupokezana abiria na mizigo, na safari zote zikiwa katika tiketi moja, mfumo huchapa lebo ya mwisho wa safari na begi hupokezana mikono bila wewe kuliona. Mashirika mengi ya nauli ndogo hayana makubaliano hayo na shirika lolote. Yanauza kiti kutoka uwanja mmoja hadi mwingine, na yanayotokea kabla au baada ya hapo hayawahusu. Hata baadhi ya mashirika makubwa yenye makubaliano hayo hukataa kuliandika begi hadi mwisho kama safari zimo katika tiketi mbili. Ukipata mhudumu aliyekubali kufanya hivyo, shukuru, lakini usipange safari ukitegemea hisani.

Namna ya kuitambua tiketi moja ni jambo ambalo ningependa kila msafiri alijue kabla ya kulipa. Watu wengi hutazama zile herufi na namba sita za buking, yaani za nafasi uliyowekewa kwenye ndege. Hizo hazitoshi. Wakala anaweza kuweka tiketi mbili ndani ya buking moja, na kwa upande mwingine tiketi moja halali inaweza kuwa na buking mbili kwa sababu kila shirika limejipa ya kwake. Kinachotazamwa ni namba ya tiketi yenyewe, ambayo ina tarakimu 13, na tatu za mwanzo hutaja shirika lililoitoa: 071 ni Ethiopian, 074 ni KLM, 157 ni Qatar Airways, 176 ni Emirates, 197 ni Air Tanzania, 235 ni Turkish Airlines na 706 ni Kenya Airways. Safari zako zote zikiwa chini ya namba moja, au namba mbili zinazofuatana za shirika hilohilo pale ambapo safari ina vipande vingi, una tiketi moja, hata kama utapanda ndege za mashirika matatu. Ukikuta kipande kimoja kina namba inayoanza na 071 na kingine kina 176, hizo ni tiketi mbili. Katika karatasi yangu, kipande cha Frankfurt hadi Manchester hakikuwa na namba ya tiketi kabisa, kilikuwa na zile herufi sita tu, kwa sababu mashirika mengi ya nauli ndogo hayatoi tiketi za mfumo huo. Pengo lile lilikuwa mbele ya macho yangu wiki tatu nzima.

Jambo la mwisho kabla sijawaachia uwanja ni kwa nini uamuzi ulifanyika Dar es Salaam, mbali sana na Ujerumani. Mhudumu wa kaunta hufungua kanzidata iitwayo Timatic, inayosimamiwa na IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, huingiza uraia, njia na viza ulizonazo, na mfumo humwambia kama abiria anapandishwa au la. Shirika likimpeleka abiria asiye na nyaraka stahiki, hutozwa faini na kulazimika kumrudisha. Uingereza, kwa mfano, hutoza pauni 2,000 kwa kila abiria. Ndiyo maana kubishana na mhudumu hakusaidii. Kwenye kompyuta yake mimi nilikuwa abiria ambaye safari yake inakoma Frankfurt, sina viza ya Ujerumani, na begi langu linashuka pale.

Nilinunua tiketi nyingine, moja, siku mbili baadaye. Ile nafuu ya laki tatu na nusu ilinigharimu zaidi ya milioni mbili.

Binti Lamu

Ahsante kaka kwa maelezo haya. Naomba kuuliza: je, ungesafiri na begi la mkononi tu, bila mzigo wa kupakiwa, si ungebaki ndani ya ukanda ule na kupanda ndege ya pili bila tatizo?

Mwana wa Pangani

Dada, kwa nadharia ndiyo, na wapo wanaofanya hivyo. Lakini kuna vikwazo vitatu ambavyo huwezi kuvijua mpaka uvifuatilie kimoja kimoja. Cha kwanza ni shirika la kwanza lenyewe, ambalo lazima likubali kwamba tiketi yako ya pili ni uthibitisho wa kuendelea na safari. Mengine hukubali ukiwa umeshachapisha kadi ya kupandia ndege ya pili, mengine hukataa. Cha pili ni kwamba baadhi ya mashirika ya nauli ndogo huwataka abiria wasio raia wa Ulaya wakaguliwe nyaraka na kugongewa muhuri kwenye kaunta yao kabla ya ukaguzi wa usalama, na kaunta hiyo iko nje, upande ambao huwezi kuufikia bila viza. Cha tatu ni majengo: kuna viwanja ambavyo kuhama kutoka jengo moja la abiria kwenda jingine hakuwezekani bila kutoka nje.

Halafu kuna safari ya kurudi, ambayo karibu kila mtu huisahau. Ukiwa Manchester, shirika la nauli ndogo linakuona kama abiria anayekwenda Ujerumani, basi. Haliijui tiketi yako ya kwenda Addis Ababa wala halina sababu ya kuijua. Litakuuliza viza ya Schengen.

Mchuuzi wa Kariakoo

Mkuu, pamoja na heshima zote, naona unawatisha watu. Mimi nimekata tiketi mbilimbili miaka mingi. Nachukua ndege ya asubuhi kutoka Dar hadi Nairobi kwa tiketi moja, nakaa Nairobi, usiku napanda ndege nyingine. Begi nalichukua mwenyewe, nakunywa chai, nalirudisha kaunta. Sijawahi kuulizwa viza hata mara moja.

Mwana wa Pangani

Mkuu, wala hatupingani, na mfano wako unanisaidia kusema jambo ambalo nililiacha. Nairobi hukuulizwa viza kwa sababu wewe ni raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na una haki ya kuingia Kenya. Ulivuka kibanda, ukachukua begi, ukarudi. Tiketi mbili ni kama kitambaa chenye mshono: kama ni lazima mshono uwepo, uuweke mahali ambapo pasipoti yako inafungua mlango. Kwa Mtanzania, Nairobi, Entebbe na Kigali ni mahali salama pa kuweka mshono. Johannesburg pia, kwa kuwa Afrika Kusini haimdai Mtanzania viza kwa matembezi ya hadi siku 90 kwa mwaka. Anayeanzia Nairobi kwa tiketi moja inayompeleka hadi mwisho wa safari yake Ulaya au Amerika ameondoa tatizo la viza.

Hajaondoa tatizo la muda, lakini. Ndege ya asubuhi ikifutwa na ukafika Nairobi usiku wa manane, shirika la pili halikudai maelezo. Linaandika kwamba hukutokea. Na ukiandikwa kwamba hukutokea katika kipande cha kwanza cha tiketi, vipande vyote vinavyofuata hufutwa, pamoja na cha kurudi nyumbani. Wewe unaacha saa nyingi kati ya ndege na ndege, na hilo ndilo linalokuokoa. Wengine huacha saa mbili.

Mchuuzi wa Kariakoo

Hapo nimekuelewa. Nami niongeze la Dubai, kwa kuwa wengi wetu tunapita huko tukielekea Guangzhou. Kuna mwenzangu alikata tiketi ya kufika Dubai, na tiketi ya pili ikawa ya kuondokea Sharjah. Alidhani ni mji mmoja kwa kuwa mtandao ulimwambia umbali ni mfupi. Ni kweli ni mfupi, lakini ni viwanja viwili katika emirati mbili, na kutoka kimoja kwenda kingine ni kuingia nchini. Viza ya kupita ya Falme za Kiarabu huombwa kabla ya safari, kupitia shirika la ndege, huwezi kuipata kwa kusimama pale na kusihi. Alikuwa na viza ya China safi kabisa, haikumsaidia.

Mwana wa Pangani

Mkuu, hilo la viwanja viwili lina ndugu zake wengi. Istanbul ina uwanja mkubwa upande wa Ulaya na Sabiha Gökçen upande wa Asia, na mashirika ya nauli ndogo hupenda huo wa pili. Paris ina Charles de Gaulle na Orly. London ndiyo usiseme: Heathrow, Gatwick, Stansted, Luton, na mitandao ya kuuza tiketi huandika tu "London" kwa herufi nene, halafu jina la uwanja kwa herufi ndogo za kijivu. Mtu asome zile herufi tatu za uwanja wa kufikia na za kuondokea, na kama hazifanani, ajue kwamba atavuka mpaka.

Mwana wa Katanga

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Lubumbashi. Kwetu sisi wenye pasipoti ya Kongo hali ni tofauti, kama mleta uzi alivyosema, kwa sababu tumo katika ile orodha ya mataifa 12. Sisi hata tiketi ikiwa moja na begi likiandikwa hadi mwisho, kukaa katika ukanda wa Brussels au Paris kunahitaji viza ya kupita uwanjani. Hata hivyo kuna msamaha ambao wengi hawaujui. Ukiwa na viza halali ya nchi ya Schengen, au ya Marekani, Canada au Japani, viza hiyo ya kupita haihitajiki. Mdogo wangu alipita Brussels akienda Montreal kwa viza yake ya Canada, na hakuna aliyemzuia.

Swali langu ni hili: msamaha huo unamruhusu pia mtu kutoka nje kuchukua begi?

Mwana wa Pangani

Ndugu yangu wa Katanga, haumruhusu. Msamaha huo unahusu kukaa ndani ya ukanda tu. Mwenye viza ya Canada aliyekata tiketi mbili zinazokutania Brussels, begi likaandikwa BRU, yuko palepale nilipokuwa mimi. Vilevile tahadhari na njia inayopita viwanja viwili vya Schengen, kwa mfano Brussels halafu Lisbon halafu ng'ambo. Ndege kati ya Brussels na Lisbon huhesabiwa kuwa ya ndani, kama ya Dar kwenda Mwanza, kwa hiyo unavuka uhamiaji Brussels hata kama tiketi ni moja na begi hulioni mpaka mwisho. Hapo viza ya daraja C ni lazima, kwako na kwangu pia.

Mpanda Mlima

Nashukuru kwa uzi huu, umenifikia wakati mwafaka. Nina viza ya masomo ya Canada. Nimeona tiketi ya kufika London Heathrow, na nyingine tofauti ya Heathrow hadi Toronto siku hiyohiyo jioni. Mimi ni Mtanzania. Je, Uingereza nayo ina ukanda wa namna hiyo?

Mwana wa Pangani

Mkuu, Heathrow ina ukanda huo, lakini kanuni za Uingereza ni zake yenyewe na usizichanganye na za Schengen. Uingereza ina viza mbili za kupita: moja ya kubaki ndani bila kuvuka mpaka, na nyingine ya anayevuka mpaka na kuondoka ndani ya saa 48. Tofauti na Schengen, hapa Mtanzania, Mkenya, Mganda, Mnyarwanda, Mrundi na Mkongo wote wamo katika orodha ya wanaohitaji hata ile ya kubaki ndani. Kinachokuokoa ni viza yako ya Canada, kwa kuwa mwenye viza halali ya Canada, Marekani, Australia au New Zealand anasamehewa hiyo ya kubaki ndani.

Kuhusu begi, Uingereza ni laini kidogo kuliko Schengen. Kuna utaratibu wa kupita bila viza ambao humwezesha mtu kama wewe, anayekwenda Canada akiwa na viza ya Canada, kuvuka mpaka, kuchukua begi na kuondoka kwa ndege kabla ya siku inayofuata kwisha, ilimradi ana tiketi iliyothibitishwa. Lakini uamuzi ni wa afisa wa mpakani, si haki unayoweza kuidai, na kabla hujamfikia afisa huyo lazima mhudumu wa Dar es Salaam akubali kukupandisha. Kama ningekuwa mimi, ningechapisha barua ya chuo, viza na tiketi ya pili, niviweke kwenye bahasha moja mkononi. Na kama tofauti ya nauli si kubwa, ningenunua tiketi moja nilale usingizi.

Binti Lamu

Na Marekani je? Kuna shangazi anakwenda Jamaika, akaambiwa apite Miami.

Mwana wa Pangani

Dada, Marekani ni rahisi kueleza: ukanda wa kupita hakuna. Kila anayeshuka anapita uhamiaji na kuchukua begi lake, hata kama tiketi ni moja na anaunganisha ndani ya saa mbili. Kwa hiyo shangazi anahitaji viza ya Marekani, ama ile ya kupita ya daraja C-1 ama ya matembezi, na ada ya kuiomba ni dola 185, mbali na muda wa kusubiri miadi ya ubalozini. Atafute njia nyingine. Kupita Canada kuna viza ya kupita isiyo na ada kwa wanaokaa chini ya saa 48, lakini nayo lazima iombwe mapema.

Msafiri Mpole

Ndugu mleta uzi, nina swali la fedha. Ikitokea ndege ya kwanza imechelewa na ya pili imeondoka, nani anawajibika? Nimesikia Ulaya wanalipa fidia hadi euro 600.

Mwana wa Pangani

Kanuni hiyo ni namba 261 ya mwaka 2004 ya Umoja wa Ulaya, na inamhusu anayeondoka katika uwanja wa Umoja wa Ulaya kwa ndege ya shirika lolote, au anayefika huko kutoka nje kwa ndege ya shirika la Ulaya. Ucheleweshaji hupimwa mwisho wa safari endapo safari zote ziko katika buking moja. Ukiwa na tiketi mbili ulizojinunulia mwenyewe mahali tofauti, kila safari inahesabiwa peke yake. Ya kwanza ikichelewa dakika 90, hapo hakuna fidia, hata kama dakika hizo zimekukosesha ndege ya pili na hoteli ya siku tatu.

Kuna hukumu moja ya kuvutia ya Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, ya Oktoba 2022, kesi namba C-436/21. Abiria alitoka Stuttgart kwenda Kansas City kupitia Zurich na Philadelphia, kwa mashirika mawili yasiyokuwa na uhusiano wa kisheria, lakini wakala alikuwa amemuunganishia safari zote, akamtoza bei moja na kumpa tiketi moja. Mahakama ilisema hiyo ni safari moja inayounganishwa. Kwa hiyo hata mahakamani swali lilikuwa lilelile: uliuziwa nini, na kwa mkono gani? Tunza risiti ya wakala inayoonyesha bei moja ya safari nzima. Mimi nilipewa risiti mbili, nikazikunja pamoja bila kuzisoma.

Jihadhari pia na mitandao inayouza tiketi mbili na kukuahidi kwamba ukikosa ndege ya pili itakutafutia nyingine. Inaweza ikatimiza ahadi hiyo, lakini haiwezi kukupa viza, na masharti yake kwa kawaida husema wazi kwamba nyaraka za kusafiria ni jukumu lako.

Mzee wa Ngamiani

Mwanangu Mwana wa Pangani, nimesoma yote. Mama yenu ana safari ya kwenda kumwona binti yetu aliye Birmingham, ndege ni Jumamosi. Nimechukua miwani nikaitafuta hiyo namba ya tarakimu 13. Nimekuta mbili: moja inaanza na 706, Dar hadi Nairobi na Nairobi hadi Amsterdam; nyingine inaanza na 074, Amsterdam hadi Birmingham. Viza ya Uingereza anayo. Ya Ulaya hana. Nifanye nini, na leo ni Jumatano?

Mwana wa Pangani

Shikamoo mzee. Bado una muda. Hizo ni tiketi mbili, lakini afadhali ni za mashirika ambayo yana makubaliano ya kupokezana, kwa hiyo hali yake si mbaya kama yangu ilivyokuwa.

Kesho asubuhi mpigie wakala, umwombe mambo mawili kwa mpangilio huu. Kwanza, azifute tiketi zote mbili na kuzitoa upya kama tiketi moja, kwa njia hiyohiyo, na akutajie nyongeza ya nauli kabla ya kuilipa. Ikishindikana, apige ofisi ya shirika la kwanza na kuuliza kama begi litaandikwa BHX, yaani Birmingham, na kama mama atapewa kadi zote tatu za kupandia ndege hapahapa Dar es Salaam. Apewe jibu kwa maandishi, kwa barua pepe, na barua hiyo aichapishe.

Jumamosi mfike uwanjani saa nne kabla ya ndege kuondoka. Mhudumu akichapa lebo, mzee, usogee kwenye kaunta na uisome wewe mwenyewe kabla begi halijaingia kwenye mkanda. Ikiwa imeandikwa BHX, muage mama. Ikiwa imeandikwa AMS, begi lisiondoke: hamishieni vitu vyake vya lazima kwenye begi la mkononi, zawadi zirudi nyumbani, kisha umuulize mhudumu hapohapo kama atampandisha bila mzigo akiwa na kadi zote tatu.

Mzee wa Ngamiani

Marahaba. Wakala amesema anaweza kuitoa upya, nyongeza ni laki moja na elfu themanini. Nimemwambia aitoe.